Alama 78 Kidato cha Pili, alama 51 Kidato cha Tatu: namna ya kulinganisha matokeo ya madarasa na mitihani tofauti

Kwenye kikao cha wazazi mwezi Julai, katika shule ya kata huku Temeke, mama mmoja alitoa ndani ya bahasha ya kaki fomu mbili za matokeo ya bintiye, akaziweka sambamba juu ya meza yangu. "Mwalimu, hebu tazama mwenyewe. Mwaka jana Hisabati 78. Mwaka huu 51. Mtoto kaharibika huyu, na mimi sijui kaharibikia wapi." Binti alikuwa nyuma ya mama yake, macho chini.

Nikafungua daftari la taaluma. Mtihani ule wa 78, wastani wa kidato kizima ulikuwa 66, na binti alikuwa wa 23 kati ya wanafunzi 140. Mtihani wa 51, wastani ulikuwa 34, na binti alikuwa wa 7 kati ya 131. "Mama, huyu hajaharibika," nikamwambia. "Mtihani ndio uliokuwa mgumu. Yeye kapanda." Mama aliniangalia kama mtu anayebembelezwa, kwa sababu 51 ni ndogo kuliko 78 na hilo halihitaji shule.

Nimekuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka kadhaa, na kosa la mama yule nimeliona likifanywa na walimu wenye shahada, nikiwemo mimi. Kwenye shule niliyoanzia kazi, niliwahi kusoma kikaoni wastani wa Kidato cha Pili na wa Kidato cha Tatu, nikamtaka mwalimu wa Fizikia aeleze kwa nini watoto "wameshuka" alama 15 mikononi mwake. Mtihani wa kwanza tulitunga wenyewe; wa pili ulikuwa wa ujirani mwema, yaani wa pamoja wa shule jirani, umetoka nje, na robo ya maswali yake yalikuwa kwenye mada ambazo ratiba ilikuwa haijazifikia. Hakuna aliyeulizia hilo. Mwalimu yule alihama mwisho wa mwaka. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wenzangu wa taaluma na wakuu wa idara, ili jambo kama hilo lisimkute mwingine.

Hatua ya kwanza: sema unalinganisha nini

Neno "kulinganisha matokeo" limebeba maswali matatu, na kila moja lina njia yake. Je, mtoto huyu amesogea au amerudi nyuma kati ya wenzake? Je, anajua mambo mengi zaidi ya aliyoyajua mwaka jana? Je, mtihani huu na ule ni sawa kwa ugumu? Swali la kwanza hujibiwa kwa alama sanifu, yaani alama inayopimwa kutoka wastani wa darasa; la pili kwa maswali ya nanga, yaani maswali yaleyale yanayorudiwa kwenye mitihani miwili; la tatu kwa kuuchambua mtihani wenyewe. Ukichukua jibu la swali moja ukalitumia kwa jingine, utamwonea mtu.

Andika swali lako juu ya karatasi kabla hujafungua Excel.

Hatua ya pili: kusanya vitu vyote, si alama peke yake

Tafuta karatasi za mitihani yote miwili, mwongozo wa usahihishaji wa kila mmoja, jedwali la utahini (linaloonyesha kila mada imepewa maswali mangapi) kama lipo, na alama za kila swali kwa kila mwanafunzi. Hili la mwisho ndilo gumu. Shule nyingi hubaki na jumla tu, skripti zinarudishwa kwa watoto na habari ya kila swali inapotea. Anza muhula huu: kila msahihishaji ajaze safu ya kila swali, sio jumla pekee. Kwa darasa la watu 120 ni kazi ya jioni mbili, na bila hiyo nusu ya hatua za mwongozo huu hazifanyiki.

Kisha linganisha watoto walewale. Dar es Salaam watoto wanahama sana. Leo familia iko Mbagala, mwakani iko Chanika au Kivule. Wanaoshindwa Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili hukariri, kwa hiyo Kidato cha Tatu kinaanza kikiwa tayari kimepungukiwa na waliokuwa chini. Wastani ukipanda hapo, sehemu ya kupanda ni kuondoka kwa watu, si kuongezeka kwa elimu. Wachukue waliofanya mitihani yote miwili, wengine waweke pembeni.

Angalia pia kama wamesoma mambo yaleyale. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, lakini uliingia kwa awamu, si madarasa yote kwa pamoja. Aliyeingia Kidato cha Kwanza kabla mtaala huo haujafika darasani kwake na aliyeingia baada ya hapo hawakusoma muhtasari uleule, hata kama jina la somo halikubadilika.

Hatua ya tatu: usidanganywe na herufi

Wazazi wanasoma A, B, C. Lakini herufi ya Baraza la Mitihani haina kipimo kimoja kutoka ngazi hadi ngazi. Kidato cha Nne, A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Kidato cha Sita, A huanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35. Kwa hiyo mtoto mwenye 76 ana A Kidato cha Nne, na 76 hiyohiyo ni B Kidato cha Sita. Mwenye 46 ana C huku, kule ana E. Darasa la Saba ndiyo mbali kabisa: kila somo ni alama 50 na A huanzia 41, masomo sita, jumla 300.

Hata ngazi moja hubadilika na miaka. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa GPA (wastani wa pointi), kisha nchi ikarudi kwenye divisheni. Ukitaka kuchora mwenendo wa shule kwa miaka kumi, tafuta alama zenyewe pale unapoweza kuzipata.

Kuna na jambo la lugha, ambalo hesabu hailitibu. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali alifanya Hisabati ya Darasa la Saba kwa Kiswahili. Miezi michache baadaye anafanya jaribio la Kidato cha Kwanza kwa Kiingereza, pembeni yake kaketi aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Alama ya pili imepima Hisabati na Kiingereza kwa pamoja. Usiilinganishe na ya kwanza ukasema mtoto kashuka Hisabati. Ukitaka kujua, mpe maswali matano yaleyale kwa Kiswahili, uone.

Hatua ya nne: upime mtihani kabla ya kumpima mtoto

Panga skripti kuanzia ya juu hadi ya chini. Chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kwa watu 120 ni skripti 32 kila upande. Kwa kila swali, hesabu waliopata katika kila kundi.

Tuseme swali la 4 wamelipata 27 wa juu na 12 wa chini. Jumla 39 kati ya 64, yaani 0.61: hicho ndicho kiwango cha urahisi wa swali. Kadiri namba inavyokaribia 1 ndivyo swali lilivyo jepesi. Tofauti ya makundi ni 15, gawa kwa 32 upate 0.47: hicho ndicho kiwango cha kutenganisha, yaani swali linavyowatofautisha wanaojua na wasiojua. Zaidi ya 0.3 ni zuri. Chini ya 0.2, litazame upya.

Sasa swali la 9: wa juu 9, wa chini 13. Urahisi 0.34, utadhani ni swali gumu tu. Utenganishaji ni hasi, 0.125 chini ya sifuri. Wanaojua wanakosa, wasiojua wanapata. Hilo liliwahi kunitokea kabisa. Swali lilitaka 0.04996 iandikwe kwa tarakimu muhimu tatu. Jibu ni 0.0500, lakini mwongozo wa usahihishaji uliandikwa 0.05. Watoto waliojua wakaandika sifuri mbili za mwisho wakapigwa mkasi. Waliokata njia ya mkato wakapewa vema. Bila kuhesabu makundi mawili tusingeliona. Tulirudisha skripti zote na kusahihisha swali lile upya, na nafasi za juu kumi zikabadilika.

Swali lenye utenganishaji hasi lirekebishe au litoe kabla hujalinganisha chochote.

Angalia na mkono wa msahihishaji. Mkondo A ukisahihishwa na mwalimu mkarimu na mkondo B na mwalimu mkali, unalinganisha walimu. Dawa yake walimu waliowahi kusahihisha mitihani ya taifa wanaijua: kila mmoja ashike swali lake kwa mikondo yote, skripti zizunguke meza.

Hatua ya tano: alama sanifu

Chukua alama ya mtoto, toa wastani wa darasa, gawa kwa mkengeuko sanifu. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuuzunguka wastani; kwenye Excel, alama zikiwa C2 hadi C132, andika =STDEV.P(C2:C132), na wastani ni =AVERAGE(C2:C132).

Tumrudie binti wa bahasha ya kaki. Kidato cha Pili: 78, wastani 66, mkengeuko 12. Tofauti ni 12, gawa kwa 12, anapata +1.0. Kidato cha Tatu: 51, wastani 34, mkengeuko 10. Tofauti ni 17, gawa kwa 10, anapata +1.7. Alama ghafi imeshuka kwa 27, nafasi yake kati ya wenzake imepanda.

Namba hasi huwatisha wazazi, kwa hiyo kwenye fomu zidisha kwa 10 uongeze 50. +1.0 inakuwa 60, +1.7 inakuwa 67. Hamsini ndiyo katikati ya darasa. Waeleze mapema kwamba hii siyo asilimia.

Mambo mawili ya kuchunga. La kwanza, alama sanifu inategemea kundi. Kijana aliyekuwa +1.2 kati ya watu 140 wa Kidato cha Nne, akienda PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) Kidato cha Tano ataketi na watu 38 ambao wote walikuwa juu kwao. Akipata 0 pale, hajapungukiwa na kitu. Waliomzunguka ndio waliobadilika. La pili ni zito zaidi: alama sanifu haioni maendeleo ya darasa zima. Watoto wote wakijifunza maradufu, wastani mpya bado ni sifuri. Ndiyo maana huwezi kumhukumu wala kumsifu mwalimu kwa alama sanifu za darasa lake lote. Nimeona shule ikifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Hatua ya sita: karatasi mbili kwa darasa moja

Darasa limejaa, watoto wanapigiana chabo, mnaamua kutunga karatasi P na Q. Haki itatoka wapi kama Q ni ngumu zaidi?

Gawa karatasi kwa kupishana: wa kwanza P, wa pili Q, wa tatu P, mpaka mwisho wa chumba. Usiwape mkondo A karatasi P na mkondo B karatasi Q, maana hapo hutajua kama tofauti ni ya karatasi au ya watoto. Kwa kupishana, na darasa likiwa kubwa, makundi mawili yanakuwa karibu sawa kwa uwezo, hivyo tofauti ya wastani ni ya karatasi.

Tuseme P ina wastani 52 na mkengeuko 15, Q ina wastani 45 na mkengeuko 12. Wengi wangewaongezea saba wote wa Q wakamaliza. Sio sahihi, kwa sababu mitawanyiko haifanani. Fanya hivi: alama ya Q toa 45, gawa kwa 12, zidisha kwa 15, ongeza 52. Mwenye 57 ya Q anapata 67 ya P, sio 64. Mwenye 39 anapata 44.5, sio 46. Na hapo pana C na D: kwa kuongeza saba angevuka 45, kwa kusawazisha yuko nusu alama chini yake. Alama iliyokaa ukingoni namna hiyo usiitolee hukumu yoyote kubwa, na sababu yake iko hatua ya nane.

Hatua ya saba: maswali ya nanga

Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayofanyika mara chache kuliko zote. Ukitaka kujua kama mtoto wa Kidato cha Tatu anajua zaidi ya alivyojua Kidato cha Pili, lazima awe amekutana na maswali yaleyale mara mbili. Hakuna fomula inayoweza kuunganisha mitihani miwili iliyofanywa na makundi tofauti bila kitu cha pamoja.

Ndivyo wakubwa wanavyofanya. Utafiti wa Uwezo uliwapa watoto wa madarasa mbalimbali majaribio ya kiwango cha Darasa la Pili, ndiyo maana uliweza kusema mtoto wa darasa la juu anasoma hadithi fupi au hasomi. SACMEQ, unaopima Darasa la Sita katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, huweka matokeo kwenye mizani moja yenye kitovu cha 500, ikitumia mbinu inayotokana na kazi ya mwanahisabati wa Denmark, Georg Rasch. Shule haihitaji mizani hiyo. Inahitaji nidhamu ya maswali kumi au kumi na mbili.

Chagua maswali ya mada za Kidato cha Pili, yasipungue moja ya tano ya mtihani. Yatoke kwenye mada mbalimbali, yawe na urahisi wa kati, kama 0.4 hadi 0.7, na utenganishaji mzuri. Yaweke kwenye mtihani wa Septemba wa Kidato cha Pili. Mwaka unaofuata, mtihani wa Juni wa Kidato cha Tatu, yarudishe yalivyo: maneno yaleyale, namba zilezile, alama zilezile, mahali pale pale kwenye karatasi. Swali lililokuwa la 3 likirudi likiwa la 19, watoto waliochoka watalikosa na utasema wamesahau.

Huu ni mfano wa jedwali la watoto walewale, kwa maswali sita; kila namba ni sehemu ya watoto waliolipata swali:

Kugawa kwa uwiano: Septemba 0.58, Juni 0.71.
Mlinganyo wenye x moja: 0.63, 0.77.
Eneo la trapeza: 0.41, 0.55.
Faida na hasara kwa asilimia: 0.60, 0.72.
Kanuni ya Pythagoras: 0.49, 0.62.
Logarithimu: 0.52, 0.34.

Wastani wa mtihani mzima wa Juni unaweza kuwa ulianguka kutoka 47 hadi 39, na kikao kikawa tayari kulaumu. Lakini maswali matano ya mwanzo yanasema wastani wa kupata umetoka 0.54 hadi 0.67. Watoto wamekua. Karatasi ya Juni ndiyo nzito.

Halafu kuna logarithimu, iliyokwenda kinyume. Usiifute haraka. Kwanza uliza kama swali limechapwa sawasawa. Kipeo kikishuka kwenye mstari, 10³ inakuwa 103 na swali limekufa. Kama limechapwa vizuri, ingia darasani. Mara nyingi utakuta mada ilifundishwa wiki mbili kabla ya Septemba, ikaingia kichwani kwa ajili ya mtihani, na toka hapo kitabu cha majedwali hakijafunguliwa. Hilo si kosa la kipimo. Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Nanga za Kidato cha Pili zinaeleza mambo ya Kidato cha Pili tu. Ili ufike Kidato cha Nne, panda ngazi kwa mnyororo: maswali ya Kidato cha Tatu yaingie mtihani wa Kidato cha Nne, kila kiungo kwa maswali yake. Usimpe mtoto wa Kidato cha Nne maswali ya Kidato cha Kwanza ukatarajia yamtofautishe na mwenzake, wote watayapata.

Hatua ya nane: tofauti ndogo iache

Mtoto yuleyule akifanya mtihani uleule Jumatatu na Jumatano, hatapata alama ileile. Ameshinda njaa, ameamka saa kumi usiku kuwahi daladala, swali limeangukia alichosoma jana. Kiasi cha kuyumba huku kinakadirika: toa uaminifu wa mtihani (yaani jinsi mtihani unavyotoa jibu lilelile ukirudiwa) kutoka kwenye moja, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa mkengeuko sanifu. Uaminifu unaupata kwa kulinganisha jumla ya maswali ya namba witiri na ya namba shufwa kwa =CORREL, fomula ya Excel inayopima jinsi safu mbili zinavyokwenda pamoja, kisha zidisha jibu hilo kwa 2 na ugawe kwa jibu hilo ukiongeza 1. Mfano, CORREL ikitoa 0.72, uaminifu ni 1.44 gawa kwa 1.72, yaani 0.84. Mkengeuko ukiwa 15, kuyumba ni alama 6 juu au chini.

Alama sita. Nasi tunampa zawadi aliyepata 71 na kumwacha wa 70, na kumhamisha mkondo aliyepata 44. Kwa mabadiliko ya mtoto mmoja kati ya mitihani miwili kuyumba kunazidi, kwa sababu kila mtihani unayumba kivyake. Hapa ni kama alama 8 au 9. Mimi siiti mzazi kwa kushuka kwa mara moja. Nasubiri mitihani mitatu inayoelekea upande mmoja.

Namna ya kuandika kwenye fomu

Kwenye fomu zetu sasa kuna mistari minne kwa kila somo: alama, wastani wa darasa, nafasi na idadi ya waliofanya, na alama iliyosawazishwa ambayo katikati yake ni 50. Mama wa bahasha ya kaki nilimwandikia hiyo minne kwa kalamu kwenye fomu zote mbili, palepale. Alisoma kwa kidole, akarudi mstari wa wastani mara mbili. "Kwa hiyo wenzake ndio walipata thelathini na nne?" Ndiyo, Mama. Akamgeukia bintiye, akamwambia achukue begi waende, kisha akasimama tena mlangoni kuniuliza mada gani mtoto aongeze bidii. Nilikuwa na jedwali la nanga: logarithimu.

Hizo karatasi zenye maswali ya nanga tunazikusanya zote baada ya mtihani, tunazihesabu, na zinafungiwa kwenye kabati la mkuu wa shule. Tunazichapa kwa mashine yetu wenyewe, hata ikichukua siku nzima, kwa sababu swali likishatoka kwenye flashi ya stationari halirudi kuwa nanga.